Nepi Sita ni Mtoto Mmoja

Karani wa shule ya kati alikuwa na tabia ambayo mtu mwingine angetimuliwa nayo mtaani: alichungulia kamba za nguo za watu. Mashati na mashuka hayakumhusu. Zile nguo ndogo ndogo ambazo wenyewe huzianika nyuma ya taulo alizipita kwa adabu, ingawa mara moja moja jicho lilichelewa kidogo. Yeye alitafuta nepi. Alizihesabu akipita na kapu mkononi kama mtu anayekwenda sokoni, akifika kwenye kona anachomoa daftari chini ya vitunguu na kuandika.

Ilianza mwaka wake wa kwanza kazini, akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye kiuno cha kuonyesha. Mwalimu mkuu wa wakati ule, mzee mkali aliyepandisha suruali mpaka karibu na kwapa, alimwita akamwambia amechoka. Kila mwaka watoto wa mtaani wanaingia shuleni na hakuna anayejua watakuwa wangapi. Mwaka huu madawati yanazagaa uani, mwaka ujao watoto wanakalia madirisha. Tafuta njia, akasema. Karani akaenda nyumbani, akawaza huku anafua. Mtoto anaingia shule ya kati akiwa na miaka kumi na miwili. Sasa wale watakaokuja baada ya miaka kumi na miwili wako wapi leo? Wako mgongoni kwa mama zao, na nguo zao ziko kambani. Mzee alipoambiwa kwamba jibu limepatikana ila litaiva baada ya miaka kumi na miwili, alicheka mpaka suruali ikashuka mahali pake.

Basi kila likizo ndefu, Jumamosi nne mfululizo, karani alizunguka mitaa minane ya shule. Alijiwekea kanuni: nepi sita ni mtoto mmoja. Nepi kumi na mbili ni mapacha, au mama asiyependa kufua kila siku, na hiyo ndiyo sababu ya kupita Jumamosi nne na si moja. Mwaka wa kumi na mbili ulipofika alifungua daftari la kwanza, akasema watakuja watoto sabini na wanane. Wakaja themanini. Mwaka uliofuata akasema themanini na watano, wakaja themanini na watatu. Mzee mkali alikuwa ameshastaafu, lakini alipopelekewa habari alituma ujumbe wa maneno mawili: Nimevua kofia.

Toka hapo karani akavimba kichwa kidogo, na nani asingevimba? Ofisi ya elimu iliona makadirio ya shule ile hayakosei, ikaanza kuyachukua kila mwaka bila kuuliza yametoka wapi. Wenyewe walidhani yanatoka zahanati. Yeye hakuwatoa gizani. Kwani waliuliza?

Miaka ikaenda, mtaa ukabadilika. Nyumba za chini zenye ua zilibomolewa moja moja, yakapanda majengo ya ghorofa sita, ghorofa saba, yenye vibaraza vyembamba ambavyo mtu mnene huingia kwa ubavu. Nepi zikapungua. Watoto arobaini na watatu, wakawa ishirini na wawili, wakawa tisa. Mwaka jana alizunguka mitaa yote minane Jumamosi zote nne, akapata watoto wawili, na mmoja kati yao alishuku ni matambara ya jikoni. Shule nayo ilikuwa imepungua kweli, kutoka watoto mia tano mpaka mia mbili na thelathini na mmoja, kwa sababu familia nyingi za zamani zilihama nyumba zilipobomolewa. Kulikuwa na jambo dogo tu lisilokaa sawa. Miaka mitatu hii walikuja watoto wengi kuliko alivyoandika. Safari moja walizidi kumi na saba. Karani, ambaye hakuwahi kukosea zaidi ya watano, aliwafungulia safu yao pembeni akaiita Wageni. Watakuwa wamehamia, akajiambia, akafunga daftari.

Mwanzoni mwa mwaka afisa wa takwimu alikuja kuchukua makadirio, safari hii ya miaka yote kumi na miwili ijayo. Alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, mwenye mkoba wa ngozi na viatu visivyotaka vumbi. Alisoma karatasi, akauliza kama kweli mwishoni watabaki watoto wawili. Karani akamjibu kwamba kwenye kazi hii ameota mvi, na akatikisa kichwa ili zionekane. Afisa akacheka. Akiwa anafunga mkoba akasema yeye mwenyewe amezaliwa mitaa hii hii, babu yake alikuwa fundi viatu pale kwenye kona, ila mama yake alihama naye akiwa bado anatambaa, hata nyumba haikumbuki. Karani alimkumbuka yule fundi, kipara chake na misumari aliyoishika kwa midomo. Alikumbuka pia kwamba ndiye aliyembadilishia soli viatu vya harusi.

Miezi mitatu baadaye ikaja barua. Kwa kuwa makadirio yanaonyesha mtaa hauna tena watoto, ilisema, shule itafungwa mwisho wa mwaka. Wanafunzi watahamishiwa shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu, ile ya magari yasiyojua breki, na majengo yatakuwa ghala la samani za serikali. Afisa wa takwimu angekuja baada ya wiki mbili kukamilisha taratibu. Mwalimu mkuu wa sasa, kijana mpole mwenye vitoto viwili vyake mwenyewe, aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaisoma tena amekaa. Karani alimwekea chai. Alihuzunika kama mtu anayehuzunikia mvua: imenyesha, ufanye nini.

Jumamosi ile alikwenda kwa binti yake. Binti alikuwa amehamia miezi miwili iliyopita kwenye jengo la kijani, ghorofa ya tano, na mtoto wa miezi mitano mwenye mashavu ya kutafunwa. Bibi mtu alimbadilisha mjukuu, akamwimbia uongo mtupu kuhusu uzuri wa pua yake, akaikunja ile nepi chafu, akaitia kwenye mfuko uliokaa nyuma ya mlango, akaufunga fundo. Kisha akatoka kibarazani kupunga upepo, na kwa mazoea ya miaka thelathini na sita, macho yakaenda kambani. Shuka mbili. Shati la mkwe. Soksi moja iliyoachwa na mwenzake.

"Nepi za mtoto umezianika wapi?" akauliza.

Binti alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza kichwa chake kiko wapi. "Mama, si umeifunga sasa hivi kwenye mfuko kwa mikono yako mwenyewe? Za kutupa hizo."

Karani akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amefunga mifuko ile labda mara hamsini. Lakini kichwa chake kilikuwa na makabati mawili, la bibi na la karani, na ufunguo wa moja haukuwahi kufungua jingine.

"Na wenzio humu?"

"Wote. Nani afue nepi, halafu azianike wapi, kichwani?"

"Tangu lini?"

Binti akafikiri. Akasema yeye akiwa sekondari, jirani yao wa wakati ule alishaanza. Karani akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza upya. Ng'ambo ya uchochoro lilisimama jengo jingine, ghorofa saba, vibaraza ishirini na vinane, na kwenye kamba zote hakukuwa na nepi hata ya dawa. Kutoka ndani, watoto wachanga wawili walikuwa wanalia, mmoja chini mmoja juu, wakipokezana. Kumbe walilia siku zote. Yeye alikuwa anatumia macho tu.

Usingizi ulimpa mgongo siku mbili. Jumatatu asubuhi alifungua kabati la chuma, akatoa fomu za wale watoto aliowaita Wageni. Mahali pa kuzaliwa: mtaa wa tatu. Mtaa wa saba. Mtaa wa tatu. Fomu alizijaza mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri. Hawakuhamia popote. Walizaliwa hapo hapo puani pake, wakatambaa, wakaota meno, naye akapita chini ya madirisha yao na kapu la vitunguu akiandika kwamba hawapo.

Kwa hiyo shule haikuuawa na mtaa. Iliuawa na yeye.

Sasa tuseme ukweli wake wote, mtamu na mchungu. Alibakiza miaka miwili astaafu. Kama angekaa kimya angeondoka na sifa zake nzima, karani asiyekosea, na shule ingefungwa kwa amani bila mtu kujua lolote kuhusu nepi. Wazo hilo lilimjia, likakaa kitini, likanywa hata chai. Alipoona linataka kulala, akalifukuza.

Kila asubuhi mzoa taka alipita langoni na mkokoteni wake. Watoto walimwita Profesa kwa sababu ya miwani aliyoiokota, yenye kioo kimoja. Alikuwa mjane kama yeye, na tangu zamani alikuwa na desturi ya kumsalimia karani kwa uchokozi. Siku hiyo alimwuliza kama mgongo wake umeacha kulalamika au umepandishwa cheo. Karani hakurudisha. Alimwuliza kama kwenye taka zake huwa anaona nepi.

Profesa alitua mkokoteni taratibu. Akasema nepi haoni, nepi anazibeba. Jengo la kijani, kila Jumanne, mifuko tisa. La pembeni ya duka la mikate, mitano, lakini mizito, pale kuna walaji. Mtaa wa saba siku hizi akifika lazima arudi mara mbili.

"Na hukuwahi kuniambia?"

"Karani, miaka yote nakuona unapita na kapu, shingo imeelekea mbinguni. Nikadhani unasali." Akavua miwani, akaifuta upande wenye kioo. "Ungeniuliza. Mambo ya watu yako chini, mimi ndiye nayabeba."

Karani akamweleza yote, hata lile wazo lililokunywa chai. Profesa hakucheka, na kwa mtu kama yeye huo ulikuwa ukarimu mkubwa. Alisema mifuko itawaonyesha majengo, lakini mfuko hauna jina, itabidi wagonge.

Hapo karani alitaka kukimbia. Miaka thelathini na sita hakuwahi kugonga mlango hata mmoja. Alijiambia siku zote kwamba kugonga ni kuingilia mambo ya watu na kuchungulia ni heshima, na hakuna aliyewahi kumsahihisha. Lakini Jumamosi ilipofika walitoka, yeye na daftari jipya, Profesa na mkokoteni mtupu aliokataa kuuacha kwa sababu, alisema, bila mkokoteni watu watadhani amekuja kuposa. Wakapanda ngazi. Mlango wa kwanza karani aligonga kwa kidole kimoja, kama mwizi. Mama aliyefungua alikuwa na mtoto begani na povu la sabuni sikioni, na alipoambiwa kwamba shule ya kati inataka kumwandikia mwanawe nafasi ya miaka kumi na miwili ijayo, alicheka, kisha ghafla akawa hacheki. Akasema tangu ahamie hapo, miaka minne, hakuna aliyewahi kugonga kumwuliza lolote kuhusu mtoto. Akalitaja jina lote la mwanawe, majina matatu, polepole, akingoja kalamu.

Ikawa hivyo ngazi baada ya ngazi. Walipewa maji, walipewa viti, walipewa watoto wawashike. Profesa alikojolewa mara mbili na hakulalamika. Jumapili walirudia kwa waliokuwa kazini. Karani hakujua mtaa una sauti nyingi namna ile ndani ya kuta. Alikuwa ameusoma kwa nje tu, kama mtu anayesoma bahasha. Waliposhuka ngazi za mwisho daftari lilikuwa na watoto sabini na wanne, bila kuhesabu watatu ambao walikuwa bado tumboni lakini mama zao wakagoma kuachwa.

Siku ya afisa ilipofika karani alivaa gauni lake la sherehe na kubeba madaftari yote, ya zamani na jipya. Mwalimu mkuu alikuwa ameshatayarisha kalamu ya kutia sahihi. Afisa akafungua mkoba, akatoa karatasi.

"Kabla hamjatia sahihi," karani akasema, "nilikosea."

Akaeleza. Kamba, nepi sita, kapu, vitunguu, mifuko ya nyuma ya mlango. Mwalimu mkuu alipaliwa na chai ikabidi apigwe mgongoni. Afisa hakucheka wala hakukasirika; uso wake ulifungwa tu, kama dirisha.

"Mama, serikali inafunga shule kwa hesabu ya nepi?"

"Miaka ishirini na minne imeleta madawati kwa hesabu hiyo hiyo, mwanangu, na hakuna aliyelala njaa."

"Na leo unaniletea hesabu nyingine. Ile ilikuwa nguo kambani. Hii nitaiaminije?"

Swali lilikuwa la haki. Karani akayasogeza madaftari mezani, yote, ya jalada lililochanika na yale yenye harufu ya vitunguu, akasema hana kingine cha kuonyesha isipokuwa kwamba kila mwaka alipita kweli.

Afisa alilivuta moja, kwa heshima zaidi kuliko kwa hamu. Akafungua, akarudisha, akaangalia miaka iliyoandikwa kwenye majalada. Akachukua la tatu. Kidole kikashuka taratibu kwenye ukurasa, kikasimama. Karani alikuwa amesahau kabisa, lakini alipoinama akauona mwandiko wake wa ujana, wenye mikia mirefu. Kona, kwa fundi viatu. Jumamosi ya kwanza: nepi kumi na mbili, mapacha. Ya pili: kumi na mbili. Ya tatu: sita. Ya nne: sita. Na pembeni, kwa penseli, herufi ndogo zilizokuwa zinataka kufutika: Pole, mama.

Nje watoto walikuwa mapumzikoni, mpira uligonga ukuta, ukagonga tena.

"Alikuwa kaka yangu," afisa akasema mwishowe. "Hata picha hana. Mama alimzika kimya kimya, akahama. Mpaka leo husema hakuna mtu mtaani aliyejua kwamba walikuwa wawili."

"Mimi nilijua," karani akasema. Kisha, kwa sababu siku hiyo alikuwa ameshaanza kusema ukweli na ulimi ulikuwa umezoea, akaongeza: "Nilipaswa kugonga. Sikuthubutu. Niliandika tu."

Afisa aliyagusa yale maneno ya penseli kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu, yasifutike. Mwalimu mkuu alitazama dari kama mkaguzi wa mabati. Karani akalishika daftari, akasema atauchana ukurasa ule ampelekee mama yake.

"Acha," afisa akasema. "Ukae humo. Humo tuko wawili." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akalivuta daftari jipya. "Na safari hii? Uligonga?"

"Kila mlango. Mwulize Profesa, alikojolewa."

Hapo ndipo afisa alipocheka, kicheko cha mtu ambaye hakukipanga. Akasoma majina sabini na manne, moja moja, na yale matatu ya tumboni, akauliza la nne kutoka mwisho ni la nani maana limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine. Karani akakiri ni la mjukuu wake. Afisa alikunja zile karatasi za kufungia shule, akazirudisha mkobani bila sahihi. Alisema hawezi kuahidi kitu. Ataleta watu wake, watagonga milango yote ya mitaa minane, na mpaka wamalize hakuna ghala wala samani. Mlangoni aligeuka, akauliza kama anaweza kuja na mama yake siku moja, auone ule mwandiko. Karani akamwambia aje naye hata kesho, chai ipo.

Walikuja Jumatano, mama mtu na binti, wakakaa ofisini mpaka kengele ya mwisho, na yaliyosemwa humo si ya kuandikwa.

Watu wa takwimu walizunguka wiki tatu. Walipata watoto sabini na tisa, kwa maana wawili katika wale watatu walikuwa wameshazaliwa, na milango mitatu Profesa na karani waliikuta imefungwa. Barua mpya ilikuja fupi kuliko ya kwanza: shule inaendelea. Mwalimu mkuu aliisoma amesimama, halafu akaisoma tena bado amesimama, halafu akaenda kuwaambia watoto, na kelele zilizofuata zilimfanya karani afunge dirisha na kulifungua tena.

Asubuhi moja baadaye Profesa alitua mkokoteni langoni, akainua sauti kwamba jengo la njano, ghorofa ya pili, wameanza kutoa mfuko mdogo, mwepesi, wa mtu mpya kabisa. Karani akalichukua daftari na kalamu. Akafika mlangoni, akasimama, akarudi akaliacha juu ya meza. Akachukua khanga yake, akatoka kwenda kugonga kwanza.